Lini Umkabidhi Kisu: Utangulizi wa Mafunzo ya Udaktari Bingwa wa Upasuaji

Ingia chumba chochote cha zamu cha madaktari wanaosomea upasuaji, kisha utazame kitanda. Kwenye chuma cha ubavuni, au kwenye mpini wa droo ya meza, utakuta nyuzi zimening'inia kama ndevu za beberu: nyeusi za hariri, za zambarau zinazoyeyuka mwilini, nyingine zimeokotwa baada ya operesheni kwa sababu kuzitupa ni dhambi. Kila uzi umejaa mafundo, fundo juu ya fundo, mpaka umekakamaa kama njiti. Huo ndio ukurasa wa kwanza wa mtaala wetu, na hakuna aliyeuandika popote.

Fundo lenyewe linaonekana jambo dogo. Ncha ya kushoto inapita juu ya kulia, unavuta mpaka lilale bapa. Safari ya pili unageuza mwelekeo, kulia juu ya kushoto. Usipogeuza unapata fundo linaloteleza. Mfunge mbuzi kwa fundo hilo, na kabla ya adhuhuri atakuwa shambani kwa jirani. Ufunge mshipa wa damu kwa fundo hilo, nalo litashikilia vizuri mbele ya mwalimu, litashikilia wakati tumbo linafungwa, halafu litaachia saa nane usiku, mgonjwa akiwa wodini na sista mmoja anahudumia vitanda arobaini. Ndiyo maana kijana mwenye shahada ya udaktari, aliyemaliza mwaka wa mafunzo kazini na kufanya kazi wilayani miaka miwili, anakaa usiku akifunga mpini wa droo.

Kitabu hiki nimekiandika kwa ajili yake, na kwa mwenzake anayejiuliza kama aombe nafasi. Nimewaza pia wauguzi, wataalamu wa usingizi, wakuu wa hospitali na hata ndugu wa mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la nje akijiuliza kwa nini mtu aliyemwona asubuhi ni kijana, ilhali ameambiwa atapasuliwa na bingwa. Swali la ndugu huyo ni halali, na sehemu kubwa ya utangulizi huu ni jaribio la kumjibu.

Tuanze na jina. Mwanafunzi huyu Watanzania wengi tunamwita residenti, Kenya wanamwita rejista, na chuoni anaandikwa mwanafunzi wa uzamili. Neno residenti lina asili ya kuchekesha kidogo: maana yake ni mkaazi, mtu anayeishi hospitalini. Na kweli walikuwa wakiishi humo. Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, ilifunguliwa mwaka 1889, na daktari aliyepewa idara ya upasuaji, William Halsted, alikuwa amezunguka Ujerumani na Austria kati ya 1878 na 1880 akitazama jinsi walimu wa huko walivyowalea wanafunzi wao. Aliporudi nyumbani hakupendezwa na alichokiona: daktari anahitimu, anatazama operesheni chache kutoka viti vya nyuma, kisha anajitangaza kuwa mpasuaji. Halsted akaanzisha utaratibu wa kumweka kijana hospitalini mwaka hadi mwaka, akimwongezea mzigo kidogo kidogo. Wengi waliingia chini, wachache walifika juu, na kileleni alikaa mmoja tu. Muda haukuwa na kikomo. Ulikuwa umeiva pale Halsted aliposema umeiva.

Mfumo huo ulizaa wapasuaji hodari, na ulizaa pia uonevu, maana wale walioachwa katikati ya ngazi walikuwa wamemaliza ujana wao bure. Miaka ya 1930, Edward Churchill wa Massachusetts General Hospital, Boston, akapanga upya: wanaoingia wawe karibu sawa na wanaomaliza, na kila mmoja apate mafunzo kamili. Sehemu kubwa ya dunia leo inafuata mpango wa Churchill kwenye karatasi. Mioyoni mwa walimu, mimi nikiwemo siku ambazo sijalala, Halsted bado yuko hai.

Lakini nisikuache udhani kwamba kufundishana kupasua kulikuja kwetu kwa meli. Mwaka 1879 Robert Felkin, mwanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza, alikuwa Bunyoro, Uganda ya leo, akashuhudia mwanamke akipasuliwa ili atolewe mtoto. Maelezo yake yalichapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mpasuaji alinawa mikono na kumwosha mgonjwa tumbo kwa pombe ya ndizi, na mgonjwa mwenyewe alinyweshwa pombe hiyo hiyo. Msaidizi mmoja alimshika miguu, mwingine tumbo. Mkato ulikuwa mmoja, wa haraka. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha likafungwa kwa vijiti saba vyembamba vya chuma vilivyosuguliwa vikang'aa, vikazungushiwa uzi, juu ikapakwa dawa ya mizizi iliyosagwa. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona.

Wanafunzi wangu wakisoma habari hiyo hustaajabia pombe ya ndizi. Mimi huwarudisha kwa wale wasaidizi wawili. Kila mmoja alijua asimame wapi na ashike nini. Kwa vyovyote haikuwa mara yao ya kwanza. Kumbe palikuwa na mafunzo. Natamani Felkin angeuliza maswali mawili zaidi: nani alimfundisha yule bwana, na siku gani huyo mwalimu alimwambia, haya, leo kisu ni chako.

Kwa maoni yangu, swali hilo la pili ndilo linalobeba fani nzima. Mitaala, mitihani, daftari za operesheni, sheria za saa za kazi, vyote ni njia tofauti za kulijibu.

Kwa muda mrefu daktari wa Afrika Mashariki aliyetaka ubingwa wa upasuaji alilazimika kupanda ndege kwenda Edinburgh au London kutafuta ufeloo, yaani hati ya ubingwa ya vyuo vya kifalme vya upasuaji, akarudi na ujuzi wa kutibu vidonda vya tumbo vya Waingereza, halafu akakutana na utumbo uliojisokota wa mkulima wa Mbeya. Chama cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki kilikuwepo tangu 1950, kikiwakutanisha wapasuaji wa eneo hili, lakini hakikuwa chuo. Baadaye vyuo vikuu vyetu vikaanzisha shahada ya uzamili ya tiba katika upasuaji, ile tunayoiita Emmedi: Makerere na hospitali yake ya Mulago, Nairobi na Kenyatta, Dar es Salaam na Muhimbili, kisha Moshi, Mwanza na kwingineko. Njia ya chuo kikuu ina maktaba, ina tasnifu, ina ada. Ada hiyo inastahili sentensi yake: katika programu nyingi residenti anakilipa chuo huku akibeba zamu za hospitali mabegani, na asiye na mwajiri wa kumdhamini anauza kiwanja.

Mwaka 1999 ikafunguliwa njia nyingine. Wapasuaji wa nchi za Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini waliunda chuo chao, COSECSA, chenye makao Arusha. Wenyewe hukiita chuo kisicho na kuta, na jina hilo limekikaa. Hakina wodi wala ukumbi wa mihadhara. Kinachofanya ni kuzikagua hospitali, kuthibitisha walimu waliomo, kuweka mtaala mmoja na kutahini. Kijana anabaki kwenye hospitali anakofanya kazi, iwe ya rufaa mjini au ya misheni kijijini, mradi imethibitishwa. Miaka miwili ya kwanza ni ya misingi, inayoishia kwenye mtihani wa uanachama; kisha, kwa upasuaji wa jumla, miaka mitatu mingine mpaka ufeloo. Nchi wanachama zimefika 14. Walio wengi kati ya waliohitimu wamebaki kufanya kazi barani humu, jambo ambalo enzi za kupanda ndege hatukuweza kujivunia.

Vijana huniuliza, Profesa, ipi bora? Wanaopita zote mbili kwa pamoja si haba. Mimi huwauliza swali jingine: huko unakotaka kwenda, usiku wa Jumamosi, mwalimu analala umbali gani na hospitali?

Sasa neno lenyewe, upasuaji wa jumla. Marekani na Ulaya mpasuaji wa jumla amebaki na tumbo, titi, tezi za shingoni na ngozi, na hata tumbo limegawanywa: huyu ini, yule utumbo mpana. Kwetu neno jumla bado lina maana yake. Mtu anayehitimu leo akapelekwa hospitali ya mkoa atakutana na ngiri na kidole tumbo, naam, na mabusha ya pwani. Atakutana pia na utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, saratani ya umio, goita kubwa kama dafu, mzee aliyezibwa mkojo na tezi dume, mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, binti aliyeungua kwa uji wa moto, na kila jioni, bila kukosa, abiria wa bodaboda. Wa mwisho huyo huleta kichwa, kifua, wengu na mfupa wa paja kwa pamoja.

Kwa hiyo mtaala wetu unamzungusha residenti sehemu nyingi. Miezi kadhaa anakaa na wa mifupa, anahamia kwa wa mkojo, kwa watoto, kwa ubongo, kwa kifua, kwa wanaotengeneza ngozi na makovu. Anakaa chumba cha wagonjwa mahututi, na anakaa na watu wa usingizi. Hapo kwa wa usingizi ningeongeza muda kama ningekuwa na mamlaka, kwa sababu mpasuaji ambaye hajawahi kuishikilia njia ya hewa ya mtu kwa mkono wake hajui anaomba nini anaposema, mlaze tuanze. Sayansi za msingi anazirudia: anatomia, fiziolojia, jinsi kidonda kinavyopona, jinsi mwili unavyopoteza maji. Tasnifu anaiandika. Mitihani ni ya karatasi, ya mdomo na ya kando ya kitanda. Hayo yana sura zao mbele, sitayamaliza hapa.

Nikuulize lakini: katika yote hayo, ni kitu gani hakipatikani kwa urahisi kwetu? Mgeni hudhani ni vifaa, na kweli vifaa vinatusumbua. Nimeshawahi kupasua kwa mwanga wa simu mbili. Wagonjwa si haba. Tume ya upasuaji ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoumudu, na ikaweka lengo la wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Sisi tuko mbali sana na hapo. Maana yake kwa residenti ni kwamba operesheni zinamfuata hadi mlangoni. Mwenzake wa Marekani anatakiwa awe amefanya angalau 850 katika miaka mitano kabla ya kutahiniwa, na wapo wanaozihesabu kwa wasiwasi mpaka mwaka wa mwisho. Wa kwetu hahangaiki na idadi. Anachokikosa ni jicho la mwalimu.

Nitasimulia la kwangu, hospitali nisiitaje. Nilikuwa mwaka wa pili, zamu ya usiku. Aliletwa mbeba mizigo wa sokoni, mtu wa miaka hamsini hivi, ngiri yake imekwama tangu alfajiri, imekuwa ngumu kama embe bichi, haiguswi. Ngiri nilikwishazifanya nyingi, na nilizihesabu kwa fahari. Mtaalamu wa usingizi akampiga nusu kaputi, misuli ikalegea, na kabla sijaigusa ngozi kwa kisu, uvimbe ukatoweka. Utumbo umerudi tumboni wenyewe. Nilifurahi kama mtu aliyesamehewa deni. Nikaliziba tundu, nikashona vizuri, mshono ulionyooka kama wa cherehani, nikaenda kulala.

Sikujiuliza utumbo ule ulikuwa na rangi gani. Utumbo uliobanwa saa nyingi vile huenda umekwisha kufa, na utumbo mfu ukirudi tumboni bila kuonekana unasubiri siku mbili tatu, kisha unatoboka. Siku ya tatu tumbo la yule baba lilikuwa gumu kama ubao. Mwalimu wangu alilifungua, akakata kipande kirefu kama shubiri, cheusi, akaunga ncha mbili zilizobaki. Mgonjwa alipona, baada ya wiki tano za kidonda kutoa usaha, na baada ya mkewe kuuza cherehani yao.

Kila idara ya upasuaji inayojiheshimu ina kikao cha vifo na matatizo, mara nyingi asubuhi moja ya wiki. Nilisimama mbele nikalieleza kisa kwa mpangilio, kwa lugha ya kitabu, na maneno mengi yaliyojaa utendwa: utumbo ulirejea, tundu lilizibwa. Madaktari wakauliza ya kitaalamu. Kisha sista mkuu wa chumba cha upasuaji, mama mtu mzima aliyekuwa amewaona maresidenti wakija na kuondoka tangu nikiwa shule ya msingi, akainua mkono.

"Dokta, namba ya Profesa ulikuwa nayo usiku ule?"

"Nilikuwa nayo, Sista."

"Ilikuwa haiiti?"

Sikuwa nimejaribu. Nilinyamaza, na kikao kizima kikanyamaza na mimi.

Nimelirudia swali lile kichwani kwa miaka mingi, na kila nikilirudia linanifundisha upande mwingine. Upande wa kwanza ni wangu: nilidhani kupiga simu ni kukiri kwamba sijui. Upande wa pili ni wa mwalimu, Mungu amrehemu, aliyekuwa na zamu peke yake kwa wiki tatu mfululizo na ambaye sote tulijua akiamshwa hung'aka. Hakutukataza kupiga. Alitufundisha kutopiga, bila kusema neno. Daftari langu la operesheni halikuwa na uongo hata mstari mmoja; ngiri zote zilizoandikwa nilizifanya. Lakini daftari huandika mikono imefanya nini. Halina safu ya kuandika ulichopaswa kujiuliza.

Kuna msemo mkongwe wa wapasuaji unaozunguka dunia nzima: tazama moja, fanya moja, fundisha moja. Unasemwa kwa mzaha, ila wapo wanaouishi. Ukweli wa chumba cha upasuaji una ngazi nyingi zaidi ya tatu. Kwanza unatazama. Kisha unashika kivuta nyama masaa mawili, kiwiko kikiuma, na unajifunza kwamba anayeshika vizuri ndiye anayemwezesha mwingine kuona. Kisha unafungua ngozi na kufunga ngozi, katikati si kwako. Kisha unafanya mwenyewe na mwalimu amesimama upande wa pili wa meza, naye kwa kugeuza tu mkono wake anakuonyesha pa kwenda. Mara nyingi hutagundua kwamba aliyefanya operesheni ni yeye. Kisha mwalimu anavua glavu na kukaa kwenye kiti pembeni. Kisha yuko chumba cha chai. Kisha yuko nyumbani, simu iko wazi. Kutoka kiti cha pembeni hadi chumba cha chai ni hatua kumi na mbili kwa miguu yangu, nimezihesabu, na sijui safari nyingine hospitalini iliyo ngumu kwa mwalimu kuliko hiyo.

Mwaka 2005 mwalimu wa Kiholanzi, Olle ten Cate wa Utrecht, aliipa hali hii jina la kitaalamu, ambalo kwa Kiswahili naliita tendo la kuaminiwa. Hoja yake ni nyepesi kueleza: badala ya kumpa mwanafunzi alama 70 katika maarifa na 65 katika stadi, chukua kazi moja kamili, mathalani kumpokea mwenye maumivu makali upande wa kulia wa tumbo mpaka atoke hospitalini, kisha ujiulize, leo nimwamini kuifanya kwa usimamizi wa kiasi gani? Bodi ya upasuaji ya Marekani imeupokea mtindo huo tangu Julai 2023, ikiainisha matendo 18 ya upasuaji wa jumla, na mwalimu hutoa hukumu yake punde baada ya kazi. Napenda mtindo huu kwa sababu unamlazimisha mwalimu kujibu kwa jina lake. Una masharti yake pia. Huwezi kumhukumu mtu usiyemwona akifanya kazi, na hapo tunarudi kwenye upungufu ule ule.

Jicho hilo linaona nini, hasa? Nitatoa mfano mmoja. Mwalimu wangu mwingine alikuwa na tabia tuliyoidhani ya ubahili. Residenti akimaliza kufunga tumbo, yeye huokota vipande vya uzi vilivyobaki mezani na kuvipima kwa rula ya chuma. Jeraha likiwa na urefu wa sentimita 20, uzi ulioingia kwenye ukuta wa tumbo unapaswa kuwa sentimita 80 au zaidi, mara nne. Kanuni hiyo inatokana na kazi ya mpasuaji Mwingereza aitwaye Jenkins, mwaka 1976. Ukikuta uzi mwingi umebaki, mshonaji amepitisha sindano mbali mbali au amevuta sana. Mgonjwa atatoka hospitalini akitembea, ataondolewa nyuzi, atashukuru, na baada ya mwaka atarudi na ngiri kwenye kovu. Aliyemshona atakuwa amehamia mkoa mwingine, asijue kamwe. Yule mzee alikuwa anamwonyesha kijana, kwa rula ya shilingi mia chache, kosa ambalo lingejitokeza mwaka ujao. Nami naibeba rula hiyo mfukoni hadi leo, kwa aibu ya kukopa na kutorudisha.

Si lazima jicho liwe la daktari. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya ukaguzi ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika miji minane. Ilikuwemo London, ilikuwemo Toronto, na ilikuwemo Ifakara, bondeni Kilombero. Kwa ujumla wa hospitali hizo nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha husimamisha kazi mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Katikati yake kuna jambo ambalo residenti wa mwaka wa kwanza huliona la kitoto, kila aliyemo chumbani kujitambulisha kwa jina. Ukishalitaja jina lako mbele ya watu, ni rahisi zaidi kusema baadaye, samahani Dokta, gauzi moja haijaonekana. Mtaala mzuri unamfundisha muuguzi kuyasema hayo na unamfundisha mpasuaji kuyapokea. Nimeona programu zenye vitabu vyote na zisizo na hilo.

Kundi jingine tunalolisahau ni madaktari wasaidizi. Kuanzia miaka ya 1960 Tanzania iliwafunza watu waliotokea uganga wa kliniki, wakapandishwa, wakapasua, na katika hospitali nyingi za wilaya ni wao waliobeba operesheni za uzazi na za dharura huku sisi mabingwa tukiwa mijini. Nilipofika wilayani kama daktari mpya, wa kwanza kunionyesha kidole tumbo kilichojificha nyuma ya utumbo alikuwa daktari msaidizi, na aliniita "bosi" wakati wote ule. Waswahili wana neno mwanagenzi kwa anayejifunza ufundi chini ya fundi. Siku ile sare zilikuwa zimetudanganya sote wawili kuhusu nani ni nani.

Kuna somo moja ambalo mtaala wowote unaliandika kwa herufi ndogo, nalo ni kutopasua. Kijana anaanza akidhani ubingwa ni kujua kufungua. Miaka miwili baadaye anajua kufungua, na hapo ndipo anapokuwa hatari zaidi, kama dereva aliyepata leseni mwezi uliopita. Kumwambia mgonjwa mwenye saratani iliyoenea kwamba kisu hakitamsaidia, ukakaa naye, ukaeleza dawa ya maumivu, ukajibu maswali ya mwanawe: hiyo haina nafasi kwenye daftari la operesheni. Mimi huiandika. Nimewaongezea wanafunzi wangu ukurasa wa nyuma, wenye kichwa "Sikupasua", na huo ndio ninaousoma kwanza.

Ya usingizi wa residenti mwenyewe nitayagusa kwa uchache hapa. Marekani iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki mwaka 2003. Ulaya ni 48. Kwetu zamu inayoanza Jumamosi asubuhi na kuisha Jumatatu jioni bado ipo, na wapo wazee wenzangu wanaoitetea kwa machozi ya fahari. Wana hoja moja nzuri, kwamba mgonjwa uliyempasua usiku umwone asubuhi. Zilizobaki ni mazoea. Sura ya saba inalibeba jambo hili, na nimeiandika nikijua itanikosanisha na marafiki.

Basi karibu. Programu nyingi zitakupokea siku ya Jumatatu. Fika wodini saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya raundi, wakati wa zamu ya usiku bado hawajakabidhi. Msalimie sista kwa jina lake, umwulize nani hakulala vizuri. Mgonjwa atakayekutajia, mwone huyo kwanza, uweke mkono tumboni kwake kabla hujafungua faili. Andika namba ya mwalimu wako nyuma ya kitambulisho, kwa wino usiofutika. Uzi wa kufanyia mafundo uko chumba cha zamu, droo ya pili. Ya kwanza haifunguki, maresidenti wa mwaka jana wameifunga wakaisahau.